Shosho Alikuwa Nesi. Hili Neno "Wito" Lilitoka Wapi?

Kwenye programu ya mazishi ya shosho, miaka yake 77 ilitoshea ukurasa mmoja. Kanisa lilipewa aya tatu: ubatizo, kwaya, Woman's Guild, kamati ya ujenzi. Kazi yake ikapewa sentensi moja, kwamba alihudumu kama muuguzi kwa miaka 34 na kwamba huo ulikuwa wito wake. Baada ya hapo ni picha.

Sina shida na hizo aya tatu. Yeye mwenyewe angetaka ziwe sita. Shida yangu ni hilo neno wito, maana siku hiyo kila aliyepewa kipaza sauti alilitumia. Mchungaji, jirani, mzee wa ukoo, hata yule emsii wa kukodishwa ambaye hakuwahi kumwona shosho akiwa hai. Eti haikuwa kazi, ulikuwa wito. Watu wakasema amina. Mimi nikabaki na maswali mawili. Nani alimwita? Na aliyefaidika na kuitikia kwake ni nani?

Ukilifuata hilo neno nyuma, unapita kwa historia ya nchi hii karibu yote. Twende basi. Najua mmezoea niwaletee vitu vya dakika moja, lakini hii haingii kwa dakika moja.

Tuanze na kitu ambacho shuleni hatukufundishwa: hofu ya kugusa.

Shosho alikuwa Mkikuyu wa Nyeri. Kabla ya misheni kuja, Wakikuyu waliamini kwamba maiti ina thahu, yaani unajisi unaomshika mtu na kumletea balaa yeye na watu wake hadi atakaswe. Waliozikwa walikuwa wachache, hasa wazee wenye mali na watoto. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa nje ya boma, akawashiwa moto kichakani, akaachwa hapo. Mtu akifia ndani, nyumba yenyewe iliachwa. Usikimbilie kusema walikuwa washenzi, hayo ni maneno ya mkoloni. Walikuwa watu wasio na dawa ya kuua viini, na walijua kwa uzoefu kwamba kifo kinaweza kumfuata aliye karibu nacho. Ukiniuliza mimi, thahu ilikuwa karantini yao.

Sasa jaribu kuweka hospitali mahali kama hapo. Wamisionari wa Scotland walihamia Kikuyu, pale Thogoto, mwaka 1898. Daktari John Arthur akafika 1907. Baadaye kukaja Tumutumu, kule Nyeri, na mwaka 1922 Daktari Clive Irvine akaanza kazi Chogoria. Walikuja na dawa na visu vya upasuaji, lakini hospitali haiendeshwi na daktari mmoja. Lazima kuwe na wa kuosha kidonda, wa kumgeuza mgonjwa kitandani, wa kubeba beseni, wa kumfumba macho aliyekata roho saa tisa usiku. Kazi hizo ndizo zilizokuwa na thahu ndani yake.

Waliozikubali mwanzoni walikuwa vijana wa kiume, wakaitwa dresa kwa sababu kazi yao ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Walitoka kwa athomi, wale wa kwanza kusoma na kubatizwa kwenye misheni. Dawa ya mzungu haikutosha kuwaondolea ile hofu. Waliweza kugusa kwa sababu waliamini kwamba thahu haina nguvu tena juu yao.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Upande ule wa nchi, kabla ya vyeti na vyeo, uuguzi ulihitaji mtu mwenye imani ya kuweka mkono mahali ambapo kila mtu alikuwa ameondoa wake. Kwa hivyo ukisikia kwamba shosho alikuwa Mkristo na pia alikuwa nesi, usifikiri ni vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Vilizaliwa pamoja.

Wasichana walifuata baada ya wavulana, na kwao ilikuwa ngumu zaidi. Binti analala bweni mbali na mama yake, anafanya zamu ya usiku, anaosha mwili wa mwanaume asiye wa kwao. Nani atakuja kumposa? Mzazi aliyemwachilia binti yake kwenda hospitali ya misheni alikuwa anahatarisha jina lake kijijini.

Na misheni haikuwa malaika, tusidanganyane. Daktari Arthur huyohuyo aliongoza kikosi cha wapagazi wa misheni mwaka 1917, kwenye vita vya wazungu wenyewe kwa wenyewe ambavyo viliua maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika, wengi wao kwa magonjwa. Ukishuka Kariokor leo, jina hilo ni Carrier Corps kwa matamshi yetu. Mwaka 1929 kanisa lilipowataka waumini waape kuachana na ukeketaji, maelfu walitoka wakaenda kujenga shule na makanisa yao wenyewe. Sitetei ukeketaji hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mkono uliokuwa unatibu ndio huohuo uliokuwa unatoa amri, na watu waliuona.

Ndio maana kila nikiposti kitu kuhusu kanisa, lazima msee mmoja ajibu, "Dini ya mzungu hiyo. Walituletea Biblia wakachukua mashamba." Mashamba yalichukuliwa kweli, hapo hatubishani. Lakini hadithi hiyo ina mzungu na shamba tu. Shosho hayumo. Inamfanya aonekane kama mtu aliyepewa kitu akakimeza bila kutafuna. Na dini ya shosho haikutoka Scotland moja kwa moja. Ilipitia hospitali moja kule Rwanda.

Mahali penyewe panaitwa Gahini. Palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari kijana Mwingereza aliyeitwa Joe Church alifika hapo 1928, wakati wa njaa kali. Mwaka 1929 alikutana Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Kule Gahini, mkuu wa wahudumu wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka. Naye akaenda Kampala kumwona Nsibambi, akarudi amebadilika, na wenzake wa kazini wakawa kati ya wa kwanza kuliona badiliko hilo. Miaka ya 1930 moto ukasambaa Rwanda, Burundi, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Wanahistoria wanauita Uamsho wa Afrika Mashariki. Kikuyu wafuasi wake waliitwa Ahonoki, waliookoka. Wenyewe waliitana Ndugu.

Angalia walichokuwa wanafanya. Walisimama mbele za watu na kutaja dhambi zao wenyewe, si za jirani. Walirudisha vitu walivyoiba. Mzungu alitakiwa kutubu mbele ya Mwafrika, kwenye nchi za kikoloni ambako hospitali, shule na mishahara ya serikali vilipangwa kwa rangi ya ngozi. Hakuna askofu aliyetuma uamsho huo. Ulipelekwa na walimu, wahudumu wa hospitali, wakulima, kwa miguu na kwa mabasi. Kwa hivyo ukiniambia dini ya mzungu, nitakuambia kuna sehemu yake ambayo Waafrika waliichukua, wakaisoma upya, wakamrudishia mzungu ikiwa na maswali.

Mama yake shosho alikuwa mmoja wa hao Ahonoki. Shosho alizaliwa 1947, na Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa na miaka mitano. Kwa Ndugu kipindi hicho kilikuwa kibaya pande zote. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau kwa sababu walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kuongeza nyingine, na wengine waliuawa kwa hilo. Wengi pia walikataa kubeba bunduki ya serikali, na serikali nayo ikawatilia shaka. Kuanzia 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakawekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba yenye ncha kali. Kulikuwa na njaa. Watoto walikufa.

Shosho alikumbuka vitu viwili vya kijiji kile. Cha kwanza ni kuchimba: mama yake alitoka asubuhi kwenda kazi ya lazima akarudi jioni hawezi kunyoosha vidole. Cha pili ni foleni ya maziwa ya unga, na mwanamke Mwafrika mwenye nguo nyeupe aliyeangalia macho na matumbo ya watoto mmoja mmoja. Mahali ambapo kila mtu mzima alikuwa amechoka au amebeba silaha, huyo mwanamke alikuwa anagusa watoto kwa upole. Shosho alikuwa na miaka saba. Akiulizwa nani alimwita kwenye uuguzi, jibu la kanisani lilikuwa Mungu. Jibu la jikoni lilikuwa huyo mwanamke. Sidhani aliyaona kama majibu mawili tofauti.

Alianza mafunzo mwaka 1965, kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Mlima Kenya. Huo mwaka si wa kawaida. Nchi ilikuwa na uhuru wa chini ya miaka miwili, na serikali mpya ilikuwa imetangaza vita na maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka huohuo wa 1965 ilifuta ile ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Matibabu ya wagonjwa wasiolazwa kwenye hospitali za umma yakawa bure, na ya watoto wote pia. Mnaoishi wakati huu wa kuulizwa kama umelipia bima kabla hujaulizwa unaumwa wapi, someni hiyo sentensi tena.

Lakini ukifuta ada, foleni haipungui. Inaongezeka mara tatu. Na anayesimama mbele ya foleni ni nesi. Kijijini watu walimwita shosho "daktari", kwa sababu daktari halisi wengi wao hawakuwahi kumwona. Kazini aliitwa "sista", neno lililotoka kwa masista wa Kikatoliki na wodi za Uingereza, ambako kutunza wagonjwa kulianza kama kazi ya watawa. Yaani hata cheo chake kilikuwa kimetoka kanisani.

Kiapo nacho ni vilevile. Manesi wakifuzu hapa kwetu huwasha mishumaa na kula kiapo cha Nightingale. Kumbe Florence Nightingale hakukiandika. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kikapewa jina lake kwa heshima. Kinaanza kwa kumtaja Mungu. Kinamtaka nesi aishi maisha safi, atunze siri za wagonjwa, awe mwaminifu kwa daktari. Mshahara hakiutaji popote.

Shosho alikula kiapo hicho 1968 na alikiamini chote. Lakini hebu sikilizeni alichofanya baadaye. Mwaka 1971 aliacha hospitali ya misheni akaenda kufanya kazi hospitali ya serikali, na sababu hakuificha: pensheni. Alikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani. Mtu aliyeitwa na Mungu alikaa chini, akapiga hesabu, akahama. Hiyo hamkuisikia kwenye kipaza sauti.

Mshahara wenyewe haukutosha hata serikalini. Watoto wake watano walisomeshwa na nesi, ng'ombe wawili, chama cha akina mama, na kahawa. Nyumba ya mawe ambayo tumekulia likizo ilijengwa kwa kahawa ya 1976 na 1977, wakati bei ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Yaani baridi ya Brazil ilimjengea shosho nyumba ambayo miaka kumi ya zamu za usiku haikuweza.

Kazini dunia ilikuwa inabadilika mikononi mwake. Alianza na sindano za kioo za kuchemshwa, akamaliza na za kutupa. Mwaka 1980 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto, na yeye akawa mmoja wa wale waliopanda miguu na visanduku vya barafu kwenda kwa akina mama wasioweza kushuka hospitali. Kama mamako au babako alizaliwa miaka hiyo na ana kovu dogo la chanjo mkononi, kuna mwanamke kama shosho aliyeliweka hapo.

Halafu ikaja 1984. Mwaka huo ndio kisa cha kwanza cha Ukimwi kilitambuliwa Kenya. Miaka kumi iliyofuata wodi zilijaa, na hofu ya kugusa ikarudi. Safari hii haikuitwa thahu, lakini ilifanya kazi ileile. Sahani ya mgonjwa iliwekwa mlangoni ikasukumwa kwa mguu. Familia zilileta mtu hospitalini zikaandikisha anwani ya uongo ili zisitafutwe. Glavu hazikutosha. Na makanisa mengi, pamoja na watu waliokaa kiti kimoja na shosho Jumapili, yalisema wazi kwamba hiyo ni adhabu ya dhambi.

Alinisimulia mara moja tu kuhusu kijana mmoja aliyekufa miaka hiyo. Mamake alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Waliokuwa zamu moja na shosho walisema mwili usubiri wahudumu wa mochari. Shosho alivaa jozi mbili za glavu, akafunga mlango, akamwosha peke yake, akamvalisha shati ambalo mamake alikuwa amelileta. Kisha akamwita yule mama aingie. Nilimuuliza hakuogopa? Akaniambia aliogopa sana, na aliomba akiwa anamwosha, na maombi yenyewe hayakuwa ya yule kijana. Alikuwa anatubu kwa sababu siku tatu nzima alikuwa anampita kitandani haraka haraka.

Mnakumbuka wale Ndugu wa Gahini? Dhambi unayotaja ni yako. Shosho alikuwa binti yao. Wakati kanisa lilikuwa linahesabu dhambi za wagonjwa, yeye alikuwa wodini anahesabu zake, mikono ndani ya maji.

Hiyo ndiyo imani ninayoikataa isiitwe ujinga wa kikoloni. Unaweza kuwa humwamini Mungu wake. Mimi mwenyewe Jumapili nyingi niko kitandani. Lakini kitu kilimpeleka nyuma ya mlango ule wakati sayansi aliyokuwa nayo ilimpa glavu mbili na mshahara haukumpa chochote cha ziada.

Sasa turudi kwa lile swali la pili: nani alifaidika?

Desemba 1989, chini ya masharti ya mikopo kutoka nje, serikali ilirudisha malipo hospitalini. Iliitwa kugawana gharama. Wagonjwa wakapungua ghafla, si kwa sababu wamepona, na mwaka 1990 ada ya wagonjwa wasiolazwa ikasimamishwa, kisha ikarudi tena kwa sura nyingine. Miaka hiyohiyo serikali iliacha kuajiri moja kwa moja waliofuzu. Tukawa na manesi wamekaa nyumbani na vyeti, na wodi ambazo nesi mmoja anaangalia wagonjwa wa manesi wanne. Pengo hilo lilizibwa na nini? Lilizibwa na watu kama shosho kubaki baada ya zamu kuisha, kununua sabuni kwa pesa zao, kubeba chai kwa chupa kuwapa wagonjwa wasio na mtu. Bajeti ilikatwa, na kilichokatwa kikatolewa kwenye mifuko na migongo ya wanawake wenye imani. Halafu tukaita wito.

Neno hilo likawa la kutumia dhidi yao pia. Machi 2012 wahudumu wa afya walipogoma, serikali ilitangaza kuwafuta kazi 25,000. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni mpaka mwanzoni mwa Novemba wakitaka mkataba wa malipo utekelezwe. Miezi mitano. Watu waliumia na wengine walikufa, hilo ni kweli na ni zito. Lakini kumbukeni lugha ya wakati huo kwenye redio na mitandaoni: manesi wa siku hizi hawana wito, wanapenda pesa, wale wa zamani hawakuwa hivi.

Wa zamani alikuwa sebuleni kwetu anasikiliza redio. Alikuwa na miaka 70, amestaafu tangu 2002 akiwa na miaka 55 kama sheria ilivyokuwa. Mjomba wangu akasema kwa sauti kwamba manesi wamekosa utu, maana Yesu aliponya watu bure. Shosho hakuinua hata macho kwenye maharagwe aliyokuwa anachambua. Akamjibu, "Yesu aliponya bure, lakini Yesu hakuwa na karo ya watoto watano."

Mjomba ni mmoja wa hao watano. Alinyamaza.

Ndio maana siwezi kukubali neno wito litumike kama lilivyotumika pale makaburini. Yeye alilitenganisha vizuri kuliko sisi. Wito ulikuwa kati yake na Mungu. Mshahara ulikuwa kati yake na mwajiri. Hakuruhusu mmoja alipe deni la mwingine, na alipoona wanachanganya, alisema. Mwaka 2020, makanisa yalipofunguliwa Julai kwa masharti ya watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani, waumini wengine walisema serikali inapigana na Mungu. Shosho alilia, maana alikuwa hajakosa ibada hivyo tangu utoto. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa kikundi chake cha maombi akamwambia kuwa yeyote atakayejaribu kuwakusanya wazee kisiri atakuja kumwona yeye. Alikasirika kama Mkristo akatii kama nesi, na sikuona akigawanyika vipande viwili.

Mimi ni binti wa kwanza wa mtoto wake wa kiume, kwa hivyo kwa desturi yetu nimebeba jina lake. Kwenye mazishi akina mama wa kanisa walinishika mikono mmoja mmoja wakisema wewe ndiye yeye sasa, wito ni wako. Najua walikuwa wananifariji. Lakini nafikiria wasichana wa rika langu ambao kweli waliitikia. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha manesi wetu wasio na ajira kwenda kufanya kazi kule. Nchi iliyofundisha shosho wa wengine kufunga vidonda sasa inachukua wajukuu zao, na sisi tunawasindikiza uwanja wa ndege tukipiga picha. Wakibaki hapa tunawaambia wawe na wito. Wakienda tunasema wamekosa uzalendo. Hakuna siku tunajiuliza sisi tumewapa nini.

Sisemi tuache kutaja wito. Kwa shosho neno hilo lilikuwa zito na la kweli. Lilitoka kwa watu waliothubutu kugusa maiti Nyeri, likapitia wodi ya Gahini, likapita kwenye foleni ya maziwa ndani ya miiba, likamfikisha nyuma ya mlango na kijana ambaye hakuna aliyemtaka. Neno lililotembea hivyo halifai kuwa kisingizio cha mtu kuchelewesha mishahara. Anayelistahili ni yule aliyeitwa. Sisi wengine, kuanzia gavana hadi mjomba, tuna neno letu tofauti na jepesi kulitamka: malipo.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja. Karibu kila mmoja wenu ana nesi kwa ukoo, awe shosho aliyestaafu, anti au binamu aliye mafunzoni. Mpigie wiki hii. Usianze kumshukuru kwa moyo wake wa huruma, hiyo ameisikia vya kutosha. Muulize yale ambayo hatumuulizi mpaka awe kwenye programu ya mazishi: wako wagonjwa wangapi kwa zamu yake, analipwa ngapi, na mshahara wa mwisho uliingia tarehe gani. Kisha nyamaza usikilize mpaka amalize.